Kanda za Mkono kwa Mkono: Historia ya Masikitiko ya Wapenzi wa Metallica

Katika nchi yetu hii ya mpakani, ambamo barabara itokayo Busia kwenda Malaba hupita Alupe, na malori ya mizigo hujipanga yakingoja zamu ya kuvuka kuingia Uganda, muziki usikikao mchana na usiku ni rumba ya Kongo, ni benga, ni nyimbo za injili na za vijana wa Kampala na Nairobi. Wala hapana atakayedai kwamba hevi metali, muziki ule wa magitaa ya umeme yaliyokazwa hata yakanguruma, umepata kuwa na halaiki ya wafuasi huku. Hata hivyo wako vijana, aghalabu wanafunzi, wanaousikiliza kwa moyo wote, na kila bendi kongwe ya fani hiyo itoapo albamu mpya, wao nao huingia katika simanzi moja na wenzao wa dunia nzima, wakilalamika kwamba wakubwa hawa sio wale waliowapenda.

Simanzi hiyo ina historia yake, na anayetaka kuifahamu asianze kwa kuuliza kama albamu fulani ni nzuri au ni mbaya. Aanze kwa kutazama namna bendi na wasikilizaji wake walivyofungamana tangu siku za kwanza, kwa kuwa mtu hulalamika kwa kiasi cha haki anayodhani kuwa anayo. Hakuna bendi ambayo wasikilizaji wake wamejiona wana haki kubwa juu yake kuliko Metallica ya Marekani, na hakuna iliyolaumiwa na wapenzi wake mara nyingi kama hiyo.

Kanda ya 1982

Metallica iliundwa Los Angeles mwaka 1981 na vijana wawili: Lars Ulrich, mzaliwa wa Denmark, aliyekuwa mpiga dramu, na James Hetfield, aliyeimba na kupiga gitaa la rithim. Mwezi wa Julai 1982 walirekodi kanda ya majaribio waliyoiita No Life 'til Leather. Kampuni kubwa za santuri hazikuwa na habari nao, wala redio hazikuwa na nafasi ya muziki wa kasi namna ile. Kilichowatoa katika giza ni desturi iliyokuwa imeenea miongoni mwa vijana wa Marekani na Ulaya, ya kunakiliana kanda nyumbani na kutumiana kwa posta, mtu akimpelekea mwenziwe wa nchi nyingine ambaye hajapata kumwona kwa macho, na yule akimrudishia kanda nyingine kwa malipo.

Kwa njia hiyo kanda ya vijana hawa ilivuka Marekani nzima ikafika New Jersey, mikononi mwa Jon Zazula, aliyekuwa akiuza santuri katika gulio la vitu vya mitumba. Zazula akawaita waende kwake, nao wakasafiri kutoka California katika gari la mizigo. Alipokosa kampuni iliyokubali kuwachukua, akaunda yake mwenyewe, Megaforce, na mwezi wa Julai 1983 albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka. Kabla ya kurekodi walikuwa wamekwisha kumfukuza mpiga solo wao, Dave Mustaine, ambaye baadaye aliunda Megadeth, na mahali pake pakashikwa na Kirk Hammett. Na besi ilikuwa mkononi mwa Cliff Burton, ambaye kwa ajili yake bendi ilihamia pande za San Francisco.

Naomba msomaji alizingatie jambo hili la kanda, kwa maana mengine yote yametokana nalo. Kijana aliyekaa usiku akiinakili kanda ile, akaandika majina ya nyimbo kwa mkono wake, akatoa nauli ya posta katika fedha zake chache, hakuwa mnunuzi tu. Alikuwa tarishi na wakala asiyelipwa, na kila aliyempelekea kanda hiyo alimwekea dhamana ya heshima yake kwamba muziki huu ni wa kweli. Malipo yake yalikuwa ahadi isiyoandikwa popote, kwamba bendi itabaki kuwa yao. Watu wa mipaka hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Katika miaka ya 1980 kanda za kunakili ziliziingiza nyimbo za Zaire na za Nairobi katika kila nyumba yenye redio-kaseti, zikampa mwanamuziki jina pasipo kumpa senti moja, na biashara ya santuri ya Kenya ikadhoofika kwa sababu hiyo hiyo iliyoyaeneza magitaa yake. Kunakili kulijenga na kulibomoa kwa pamoja, na Metallica nao hawakuepuka pande zote mbili.

Shutuma za kwanza, 1984 hadi 1986

Haukupita muda mrefu kabla ahadi ile haijajaribiwa. Mwaka 1984 bendi ilikwenda Copenhagen, ikarekodi Ride the Lightning, na ndani yake mlikuwamo wimbo, Fade to Black, unaoanza kwa gitaa lisilo la umeme, taratibu, ukizungumza habari za mtu aliyekata tamaa ya maisha. Wako waliousikia wakasema bendi imejiuza. Bendi ya miaka mitatu tu, yenye albamu mbili, ikashitakiwa kwa hiyana! Leo wimbo huo huo hutajwa miongoni mwa zile nyimbo za kale ambazo mashabiki wanaona hazitapata mfano, na mimi nauona ushahidi huo kuwa mzito: pale pale tunapodhani enzi ya usafi ilikuwapo, wenye kulalamika walikuwapo pia.

Malalamiko hayo yalizimwa na Master of Puppets, iliyotoka Machi 1986, albamu ambayo iliwafikia watu wengi ajabu pasipo kutegemea redio wala filamu za nyimbo kwenye televisheni, na ambayo miaka thelathini baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa, ya kwanza katika fani ya metali kupewa nemsi hiyo. Nyimbo zilikuwa ndefu, zenye milango mingi, na hasira iliyotawaliwa na akili. Ndipo kipimo kilipowekwa, na kila kilichofuata kimepimwa kwa hicho.

Msiba wa Uswidi

Alfajiri ya tarehe 27 Septemba 1986, karibu na mji wa Ljungby nchini Uswidi, basi la bendi liliteleza likapinduka, na Cliff Burton, kijana wa miaka 24, akafa. Kwa wapenzi wengi siku hiyo ndiyo inayokata historia vipande viwili. Mtu anapokufa katika kilele cha kazi yake huacha nyuma swali ambalo halina jibu, nalo ni kwamba angalikuwapo yeye, je, mambo yangalikwenda hivi? Swali hilo limetumiwa kama fimbo dhidi ya kila albamu iliyokuja baadaye, na walio hai hawana namna ya kujitetea mbele yake.

Mrithi wake, Jason Newsted, alipokelewa kwa ugumu. Katika albamu ya 1988, …And Justice for All, besi yake ilishushwa hata ikawa haisikiki, na lawama ya jambo hilo haijaisha hadi leo. Mwaka uliofuata walitoa filamu ya wimbo One kwa ajili ya televisheni, jambo ambalo walikuwa wakijisifu kuliepuka, na kinyongo kikaongezeka kidogo.

Albamu nyeusi, 1991

Kisha wakaja kwa Bob Rock, mtayarishaji aliyekwisha kuijengea Mötley Crüe mafanikio yake makubwa, na pamoja naye wakatoa mwezi wa Agosti 1991 albamu yenye jina la bendi yenyewe na jalada jeusi. Nyimbo zilifupishwa, mwendo ukapunguzwa, besi ikarudi, sauti ikawa nene na safi. Nchini Marekani peke yake imeuzwa zaidi ya nakala milioni 16; na mwezi wa Septemba mwaka huo huo walipiga Moscow, katika uwanja wa ndege wa Tushino, mbele ya umati usiohesabika, wakati dola ya Kisovieti ikiwa katika miezi yake ya mwisho.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na mgeuko wenyewe ulikuwa wa hesabu kuliko wa sauti. Waliowapokea kwa kanda za mkono kwa mkono walikuwa maelfu. Waliowanunua mwaka 1991 walikuwa mamilioni, na hao wapya hawakuwa na deni lolote la zamani la kudai. Yule wa kanda alijikuta mchache katika nyumba aliyoisaidia kuijenga. Wengi wa wale wa mwanzo walisema albamu ile ni laini. Mimi siwaafiki, kwa kuwa nasikia ndani yake ustadi wa kuacha yasiyohitajika, lakini nayaelewa machungu yao, maana kumgawana umpendaye na watu wasiojua alikotoka ni jambo gumu.

Hali hii si ngeni kwetu. Sam Mangwana, mwimbaji wa rumba ya Kongo, alipotoka katika bendi ya Tabu Ley mwaka 1972 akajiunga na OK Jazz ya Franco, wapenzi wa pande zote mbili walipiga kelele, hawa wakimwita msaliti, na wale wakimwona mtu wa adui aliyeingizwa nyumbani. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichovunjika ni mpaka ambao wasikilizaji walikuwa wameuchora wenyewe, wakaulinda.

Nywele zilizokatwa, 1996 na 1997

Miaka mitano ilipita pasipo albamu mpya. Load ilipotoka Juni 1996, ya takriban dakika 79, wasikilizaji walikutana kwanza na picha: nywele ndefu zimekatwa, macho yametiwa wanja, jina la bendi limeandikwa kwa herufi nyingine. Muziki wenyewe ulikuwa na harufu ya blues na ya nyimbo za mashambani za Marekani. Reload ikafuata Novemba 1997. Zilinunuliwa kwa wingi mno, na zikashutumiwa kwa wingi vile vile. Na Hetfield mwenyewe alikuja kukiri, miaka mingi baadaye, kwamba sura ile haikumridhisha.

Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka, kwa kuwa kama zingalichaguliwa nyimbo bora za albamu hizo mbili zikafanywa moja, ingalisimama pasipo aibu. Lakini shutuma hazikuwa za nyimbo. Vazi na nywele vilikuwa sehemu ya ahadi, kwa maana kijana wa metali katika mji mdogo alichekwa na kutengwa kwa ajili ya vazi lile lile, akavumilia kwa sababu wakubwa wake walivaa kama yeye. Na walipolivua wakiwa wametajirika, yeye alibaki nalo peke yake.

Kesi ya 2000

Katika mwaka 2000 wimbo wao mmoja ambao haujakamilika, uliokusudiwa filamu, ulivuja, ukasikika redioni. Walipofuatilia wakakuta umetoka Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kupitia intaneti bila malipo, na kwamba nyimbo zao zote zimo humo. Tarehe 13 Aprili wakafungua kesi. Tarehe 3 Mei Ulrich akaenda mwenyewe kwenye ofisi za Napster huko California na makasha ya karatasi, yenye majina zaidi ya 300,000 ya waliokuwa wakipeana nyimbo hizo, akataka wafungiwe. Mwezi wa Julai alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti.

Kwa sheria alikuwa na haki, na wakati umethibitisha kwamba aliiona hatari ambayo wanamuziki wengi wadogo hawakuwa wameiona. Lakini tuyatazame majina yale. Mtu aliyekuwa akipeana nyimbo za Metallica katika mwaka 2000 alikuwa, kwa tendo lake, mrithi halali wa yule wa 1982 aliyetia kanda katika bahasha. Tofauti ni kwamba wa kwanza alinakili moja baada ya nyingine, ilhali huyu alinakilia ulimwengu kwa dakika. Bendi iliyozaliwa kwa kunakiliwa ilimshitaki mnakili. Hesabu ya fedha ilisimama upande wa bendi, na hesabu ya moyo ikasimama upande wa msikilizaji. Shauri lilimalizwa kwa suluhu mwaka 2001, lakini suluhu hiyo ilikuwa baina ya bendi na Napster. Waliokuwa katika orodha hawakuitwa mezani.

Kuanzia hapo lawama ilibadilika tabia. Kabla ya hapo mshabiki alisema, "Mmebadilika." Baada ya hapo alisema, "Mmetugeuka."

Ngoma ya 2003

Albamu iliyofuata ilizaliwa katika nyumba inayoungua. Newsted alitoka Januari 2001. Hetfield aliingia katika matibabu ya ulevi mwaka huo huo, akakaa miezi mingi mbali na wenzake. Bendi ilimwajiri mshauri wa nafsi akae nao chumbani wazungumze, na yote hayo yakanaswa na watengeneza filamu Joe Berlinger na Bruce Sinofsky, waliotoa mwaka 2004 filamu yao, Some Kind of Monster. Besi ya albamu ilipigwa na Bob Rock mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mpiga besi. Robert Trujillo alichukuliwa mwishoni, baada ya kazi kwisha.

St. Anger ilitoka Juni 2003, nyimbo 11 katika dakika 75, na hakuna solo hata moja. Ngoma ile ndogo ambayo chini yake hutandazwa nyuzi za chuma ili itoe mlio mkavu, Ulrich aliipiga nyuzi zikiwa zimelegezwa, ikasikika kama sufuria tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Albamu ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika juma lake la kwanza, na wimbo wake wenye jina hilo ukapata tuzo ya Grammy, na bado ndiyo iliyovunja mioyo ya wengi kuliko zote. Wako mashabiki waliokaa wakairekodi upya nyumbani, wimbo kwa wimbo, wakiweka ngoma wanayoitaka, na wengine waliandika orodha ya majina wakiiomba bendi iachane na Bob Rock.

Hapa nasimama pamoja na walalamikaji. Nimeisikiliza kwa kutaka kuipenda, na nimeona ndani yake uchungu wa kweli wa watu waliokaribia kupotezana. Lakini uchungu peke yake haujawa wimbo. Solo ya Kirk Hammett, ambayo katika albamu za kale huja baada ya ghadhabu kama neno la mzee lililongojwa barazani, iliondolewa kwa hoja kwamba imepitwa na wakati, na nafasi yake haikujazwa na kitu. Wale waliorekodi upya nyumbani walistahili kusikilizwa. Mtu hatumii miezi ya maisha yake kukitengeneza kitu asichokipenda, na kazi yao, pamoja na dharau iliyopokewa nayo, ilikuwa ni kazi ile ile ya 1982, ya kukaa usiku na muziki wa wengine mkononi.

Makelele ya 2008

Bob Rock aliachwa, akaitwa Rick Rubin, ambaye aliwataka waikumbuke Master of Puppets. Death Magnetic ya Septemba 2008 ilirudisha nyimbo ndefu na solo zake, na ingaliweza kuwa suluhu, lau sauti isingalikazwa kupita kiasi hata ikapasuka. Ajabu ni namna jambo hilo lilivyogunduliwa: nyimbo hizo zilikuwamo pia katika mchezo wa kompyuta uitwao Guitar Hero, na huko zilisikika safi kuliko katika diski iliyonunuliwa dukani. Zaidi ya watu 10,000 walitia majina yao kuomba albamu ichanganywe upya. Na Ted Jensen, fundi aliyeimalizia, alieleza kwamba ilimfikia ikiwa imekwisha kubanwa hivyo. Hii ndiyo mara ambayo mashabiki walikuwa na hoja isiyopingika, inayopimika kwa chombo, si kwa hisia. Nao walijibiwa kwamba wengi wameridhika.

Albamu waliyoifanya na Lou Reed mwaka 2011, Lulu, ilipokewa kwa ukali uliovuka adabu, nami siioni kuwa na nafasi katika hadithi hii, kwa kuwa ilikuwa kazi ya Reed zaidi.

Barabara ya Kampala, na 2023

Metallica haijapata kupanda jukwaani Nairobi wala Kampala, na kijana wa Alupe aliyeijua aliijua kwa nakala: kwanza diski zilizochomwa, kisha flashi, kisha simu. Amekuja mwishoni mwa mnyororo ulioanza mwaka 1982, na yumkini ndiye anayefanana zaidi na waliokuwa mwanzoni mwake. Wala mnyororo huo haukuishia katika kusikiliza. Mwaka 2019 wanamuziki wawili waliolelewa na bendi za metali za Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walikwenda Kampala wakarekodi kwa jina la Duma, na albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Gitaa na mayowe ya metali yamo, lakini yamefungwa katika mashine na midundo ambayo shabiki wa kale wa Metallica angeisikia akaondoka chumbani. Wao hawakuomba ruhusa ya wazee, na sioni kwamba walikuwa na haja ya kuiomba, kwa kuwa hawakumwahidi mtu yeyote kwamba watabaki kama walivyokuwa.

Metallica yenyewe ilitoa 72 Seasons tarehe 14 Aprili 2023, ya dakika 77, iliyopewa jina kwa hesabu ya majira ya miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu. Hetfield alikuwa akikaribia miaka 60, na maneno yake juu ya utoto uliomjeruhi ni ya kweli kuliko mengi aliyoandika akiwa kijana. Walalamikaji walisema ni ndefu mno, kwamba nyimbo zinajirudia, kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia Ulrich akate. Na katika hilo la urefu nakubaliana nao. Baadaye mwezi huo huo ziara ilianza Amsterdam, bendi ikipiga siku mbili katika kila mji bila kurudia wimbo hata mmoja, jukwaa likiwa mduara katikati ya uwanja na wasikilizaji wamesimama ndani yake na nje yake. Nyimbo mpya zilipewa nafasi chache. Nyingi zilizopigwa zilitoka katika albamu za 1983 hadi 1991, na Fade to Black, ule wimbo wa kwanza kuitwa usaliti, uliimbwa na viwanja vizima, neno kwa neno.